Kuvua kwa Kamera: Chama cha Wapiga Picha wa Chini ya Maji



Siku moja nililionyesha darasa letu la jioni picha ya samaki wa rangi nyingi. Picha hiyo ilipigwa ndani ya bahari. Mzee mmoja aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, picha ni nzuri. Lakini picha hailiwi. Inakuwaje mtu mzima azame baharini, atoke mikono mitupu, halafu apewe zawadi?"

Darasa zima lilicheka. Hata hivyo, swali la mzee lilikuwa na maana. Somo hili linajaribu kulijibu. Tutazungumza juu ya chama kimoja cha Uingereza ambacho wanachama wake hushindana kwa kamera chini ya maji. Tutaona wanafanya nini, wanapata shida gani, na mashindano yao yana faida gani.

1. KUTOKA MKUKI HADI KAMERA

Zamani watu wengi wa Ulaya walizamia baharini kwa ajili ya kuwinda samaki kwa mkuki. Palikuwa na mashindano pia. Samaki waliouawa walipimwa kwenye mizani, na aliyeleta uzito mkubwa alishinda.

Miongoni mwa wawindaji hao alikuwa kijana wa Austria aliyeitwa Hans Hass. Mwaka 1937 alijifunza kuwinda kwa mkuki katika pwani ya kusini ya Ufaransa. Muda si mrefu akaanza kuzama na kamera. Vitabu vyake na filamu zake zikawafanya watu wengi watamani kuona maisha ya baharini. Wazamiaji wengine nao wakafuata njia hiyo. Badala ya kurudi na samaki aliyekufa, walirudi na picha ya samaki aliye hai.

Mwaka 1965 lilianza nchini Uingereza shindano la kumtafuta Mpiga Picha wa Chini ya Maji wa Mwaka. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1967, wazamiaji wawili walianzisha chama. Majina yao ni Colin Doeg na Peter Scoones. Kwa Kiingereza chama hicho huitwa British Society of Underwater Photographers.

Kwa nini walihitaji chama? Wakati ule kamera za kuingia majini zilikuwa chache. Wazamiaji wengi walijitengenezea masanduku ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo. Kila mmoja alijaribu peke yake, akakosea peke yake, na kamera yake ikaharibika. Walipokutana, aliyefaulu alimweleza mwenzake namna alivyofanya. Aliyeharibikiwa naye alieleza, ili wengine wasirudie kosa lake.

2. KWA NINI KAZI HII NI NGUMU?

Mtu anaweza kudhani kwamba kupiga picha majini ni sawa na kupiga picha nchi kavu. Sivyo. Kuna shida nne kubwa.

Shida ya kwanza ni maji kuingia ndani ya kamera.

Mwaka 1856 Mwingereza aitwaye William Thompson alishusha kamera baharini karibu na mji wa Weymouth. Kamera ilikuwa ndani ya sanduku. Yeye mwenyewe alibaki juu kwenye mashua, akavuta kamba ili kamera ifunguke. Maji yaliingia sandukuni. Hata hivyo, picha hafifu ilipatikana. Hiyo ndiyo picha ya kwanza inayojulikana ya chini ya bahari.

Masanduku ya siku hizi ni bora zaidi, lakini adui ni yule yule. Mlango wa sanduku hufungwa juu ya pete nyembamba ya mpira. Pete hiyo ndiyo inayozuia maji. Unywele mmoja au chembe moja ya mchanga ikikaa juu ya pete, maji hupata njia. Kadiri mtu anavyozama, maji husukuma kwa nguvu zaidi. Kwenye kina cha mita 10 msukumo huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Kwa hiyo mpiga picha hodari huisafisha pete yake polepole, huipaka mafuta kidogo, na huikagua kwenye mwanga. Kisha hulitia sanduku kwenye beseni la maji kwanza. Akiona mapovu yanatoka, hazamii nalo.

Shida ya pili ni kwamba maji hula rangi.

Mwanga wa jua una rangi nyingi zilizochanganyika. Unapopita majini, maji humeza rangi moja baada ya nyingine. Rangi nyekundu hupotea kwanza. Kwenye kina cha mita 10, kitambaa chekundu huonekana kama cha kijivu au cheusi. Mzamiaji akijikata kidole hapo, damu yake haionekani nyekundu. Kinachobaki ni kijani na buluu.

Kwa sababu hiyo mpiga picha hushuka na taa yake. Mwaka 1893 mwanasayansi wa Ufaransa aitwaye Louis Boutan alianza kupiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer. Ili kupata mwanga, alitumia taa iliyowekwa juu ya pipa lenye hewa. Unga wa magnesi ulipulizwa kwenye moto, ukawaka ghafula kama radi. Leo taa hizo ni ndogo na hutumia betri. Lakini kazi yake haijabadilika: kuzirudisha rangi ambazo maji yamezimeza.

Shida ya tatu ni kwamba maji hudanganya macho.

Jaribu jambo hili darasani. Weka sarafu katikati ya bakuli lisilopitisha mwanga. Rudi nyuma polepole mpaka ukingo wa bakuli uifiche sarafu. Simama hapo hapo. Mwambie mwenzako amimine maji taratibu bila kuisogeza sarafu. Utashangaa kuiona tena! Sarafu haikusogea. Mwanga ndio uliopinda ulipotoka majini kuingia hewani.

Mzamiaji hudanganywa kwa njia hiyo hiyo. Anapotazama kupitia kioo cha miwani yake ya kuzamia, samaki aliye umbali wa mita 4 humwonekea kama yuko mita 3, tena kama mkubwa kuliko alivyo. Mpiga picha asiyelijua jambo hili hukosea umbali, na picha yake huwa haieleweki vizuri.

Shida ya nne ni uchafu uliomo majini.

Umewahi kuwasha tochi usiku penye vumbi? Mwanga hugonga vumbi, nawe unaona vumbi kuliko njia. Hali ni hiyo hiyo baharini. Taa ya kamera ikiwaka, huangaza chembe zote zilizo mbele yake. Picha hutoka na madoa meupe kama iliyonyeshewa mvua. Dawa yake ni mbili. Kwanza, taa iwekwe pembeni, mbali na kamera. Pili, mpiga picha amkaribie sana kiumbe anayempiga picha, ili maji yaliyo katikati yawe machache.

Lakini samaki hukimbia akisogelewa kwa pupa. Basi mpiga picha lazima amjue samaki huyo. Ajue anakula nini, anakaa wapi na anaogopa nini. Lazima pia ajue kungoja.

3. SHUGHULI ZA CHAMA

Kazi ya chama cha namna hii haifanywi majini tu. Sehemu kubwa hufanywa katika chumba, watu wakiwa wamekaa kwenye viti.

Wanachama hukutana na kutazama picha kwenye ukuta mweupe. Mgeni mwenye ujuzi huja kuwafundisha. Mwenye picha hueleza alivyoipiga: maji yalikuwa namna gani, taa aliiweka wapi, alingoja muda gani. Wengine huuliza na kukosoa. Mtu akionyeshwa kosa lake mbele ya wenzake huona haya kidogo, lakini mara ya pili halirudii. Chama pia hutoa jarida, ili hata wanaokaa mbali wapate mafundisho.

Usalama nao hufundishwa. Mpiga picha akimwona kiumbe wa ajabu huweza kusahau kila kitu, hata hewa iliyobaki katika mtungi wake. Kwa hiyo wazamiaji hufundishwa kwenda wawili wawili, na kila mmoja kumwangalia mwenzake. Hufundishwa kutazama kipimo cha hewa mara kwa mara. Hufundishwa pia kupanda juu polepole na kutobana pumzi wakati wa kupanda, kwa sababu hewa iliyomo mapafuni hutanuka na inaweza kuyapasua. Hakuna picha yenye thamani ya uhai wa mtu.

4. SHINDANO LA SIKU MOJA

Shindano linalopendwa sana na wanachama ni la siku moja. Wao huliita Splash-In, ni kama kusema "Tumbukia Majini". Kwa miaka mingi lilifanyika katika mji wa Plymouth, kusini magharibi mwa Uingereza.

Mpango wake ni rahisi. Washindani wote huzama siku ile ile. Bahari ikichafuka, imechafuka kwa wote. Maji yakiwa ya baridi na ya kijani, ni hivyo kwa wote. Tajiri aliyesafiri mpaka bahari ya mbali hawezi kuleta picha aliyoipiga mwaka jana. Anayeshinda ni yule aliyefanya vizuri leo, mahali hapa.

Siku hizo kamera zilitumia filamu. Filamu ya kawaida ilikuwa na picha 36 tu, na haikuwezekana kuibadilisha ndani ya maji. Mzamiaji alilazimika kufikiri kabla ya kubonyeza. Akizimaliza picha zote kwa samaki wa kwanza, hana kitu kwa samaki wa pili. Baada ya kutoka majini, filamu zilisafishwa siku hiyo hiyo. Jioni picha zilionyeshwa kwa watu wote, na mshindi akajulikana.

Fikiri juu ya jioni hiyo. Mtu alizama asubuhi, akatetemeka kwa baridi, wala hakujua kama picha yake imetoka. Sasa anaiona ukutani kwa mara ya kwanza, pamoja na wenzake wote. Kama aliiweka taa vibaya, wote wanaona. Kama alimsogelea samaki kwa subira, hilo nalo wanaliona. Hakuna upendeleo, kwa maana kila mtu ana macho.

Leo kamera hazitumii filamu. Mtu huweza kupiga mamia ya picha na kuziona palepale. Kazi imekuwa rahisi kidogo. Lakini pete ya mpira bado ni lazima isafishwe, na samaki bado ni lazima angojewe.

5. USHINDI USIOTESA KIUMBE

Penye mashindano pana tamaa. Wapiga picha nao wamewahi kuingiwa na tamaa.

Chukua mfano wa bunju. Bunju akiogopa hunywa maji mengi na kuvimba kama mpira. Picha ya bunju aliyevimba huvutia watu. Basi wengine walimkamata na kumsumbua ili avimbe. Wengine walimtoa mnyama mdogo mahali alipojificha, wakamweka juu ya mwamba wenye rangi nzuri. Akabaki wazi mbele ya adui zake. Wengine walipiga magoti juu ya matumbawe ili watulie. Lakini matumbawe mengine hukua sentimeta moja tu kwa mwaka. Goti moja huweza kuvunja kazi ya miaka mingi.

Kwa hiyo mashindano mengi ya siku hizi yana kanuni. Picha ikionekana kwamba kiumbe aliteswa au alihamishwa, waamuzi huweza kuikataa hata ikiwa nzuri kuliko zote. Waamuzi ni wazamiaji wenye uzoefu. Wanajua samaki gani hukaa wapi. Wakimwona mahali pasipo pake, wanauliza.

Kuna viumbe wanaolindwa na sheria pia. Katika bahari ya Uingereza yupo samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi. Tangu mwaka 2008 sheria ya nchi hiyo inamlinda, na kumsumbua ni kosa. Mpiga picha anayempenda hana budi kumwacha kwa amani.

Hapa ndipo shindano la kamera linapotofautiana na lile la mkuki. Katika shindano la mkuki, samaki aliyemshindisha mtu leo hayupo kesho. Katika shindano la kamera, samaki huyo huyo anabaki pale pale, azae, na mtu mwingine aje amwone.

6. PICHA ILIYOSAHIHISHA ELIMU

Sasa turudi kwenye swali la mzee: picha hailiwi, ina faida gani? Jibu lipo karibu na kwetu, katika Bahari ya Hindi.

Yupo samaki aitwaye silikanti. Mapezi yake ni manene, yana shina kama mguu mfupi. Wanasayansi walimjua kwa alama zake katika mawe ya kale tu, wakaamini kwamba ukoo wake ulikwisha zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Mwaka 1938 mmoja alivuliwa katika bahari ya Afrika Kusini. Dunia ilishangaa. Baadaye ikajulikana kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wakimpata mara kwa mara.

Peter Scoones, yule mwanzilishi wa chama, alikwenda Komoro. Huko alimpiga filamu silikanti aliyekuwa bado hai, na filamu hiyo ilionyeshwa mwaka 1979 katika kipindi cha televisheni cha Life on Earth. Lakini samaki huyo alikuwa amekwisha tolewa katika makazi yake ya kina kirefu.

Wakati huo watu wengi walidhani kwamba silikanti hutembea juu ya sakafu ya bahari kwa mapezi yake, kama mnyama wa miguu minne. Walikuwa wamewachunguza silikanti wengi waliokufa. Waliwapima na kuwapasua. Lakini maiti haiwezi kuonyesha jinsi mwenye uhai alivyokwenda.

Mwaka 1987 Hans Fricke wa Ujerumani na wenzake walishuka katika kina cha bahari ya Komoro kwa chombo kidogo cha kuzamia. Waliwapiga picha silikanti nyumbani kwao. Picha zilionyesha kwamba samaki huyu hatembei. Yeye huogelea polepole, akiyachezesha mapezi yake kwa zamu. Wakati mwingine husimama kichwa chini, mkia juu. Jambo ambalo samaki wengi waliokufa hawakulisema, picha za samaki walio hai zililisema.

Tangu mwaka 2003 silikanti wamevuliwa pia Tanzania, hasa katika bahari ya Tanga, ambako wengi walinaswa katika nyavu za jarife zilizotegwa kwenye kina. Mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Wananchi wengi wa Tanga hawatashuka kamwe mpaka kwenye mapango ya silikanti. Kwao, na kwa watoto wao, picha ndiyo njia ya kumwona jirani yao huyo akiwa hai.

7. TUMEJIFUNZA NINI?

Huenda wewe, msomaji, hutashika kamera ya chini ya maji. Kamera hizo ni ghali, na mitungi ya hewa ni ghali. Lakini kuna mambo matatu ambayo kikundi chochote cha kijijini chaweza kuyachukua, kiwe cha ufugaji wa nyuki, cha ushonaji au cha mpira.

La kwanza, anayekosea aeleze kosa lake, ili wenzake wasilirudie.

La pili, mashindano yafanyike kwa hali moja kwa wote, na matokeo yaonekane mbele ya watu wote.

La tatu, ushindi usiharibu kile kinachoshindaniwa. Kikundi cha nyuki kikitoa zawadi kwa mwenye asali nyingi tu, bila kuuliza kama ameyaua makundi yake ya nyuki, mwaka ujao hapatakuwa na asali ya kushindania.

Nilipomweleza mzee habari hizi, alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Sawa, mwalimu. Na samaki wa mchuzi je, nani atamvua?"

Nikamjibu kwamba samaki wa mchuzi atavuliwa na mvuvi, kama siku zote. Kamera haikuja kuchukua mahali pa wavu. Lakini mvuvi naye anahitaji kujua chini kuna nini, kimebaki kiasi gani, na kimeharibika wapi. Mzee akaomba aione tena ile picha.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mzamiaji: mtu anayeshuka na kufanya kazi chini ya maji.
Kina: urefu wa kwenda chini, kutoka juu ya maji.
Matumbawe: mawe ya baharini yanayojengwa na viumbe wadogo walio hai.
Jarife: wavu mkubwa wenye matundu mapana, wa kuvulia papa na samaki wakubwa.
Mwamuzi: mtu anayekata shauri nani ameshinda.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini kitambaa chekundu hakionekani chekundu kwenye kina cha mita 10?
2. Fanyeni jaribio la sarafu na bakuli. Kila mmoja aeleze alichokiona.
3. Kwa nini shindano la siku moja ni la haki kwa tajiri na kwa asiye na kitu?
4. Picha za mwaka 1987 zilisahihisha jambo gani juu ya silikanti?
5. Taja mashindano yanayofanyika kijijini kwenu. Je, yana kanuni ya kulinda kile kinachoshindaniwa? Kama haina, mngeweka kanuni gani?